Swichi Kuu ya Betri Katika Gari la Kuunda: Namna ya Kuifunga na Mahali pa Kuiweka



Barabara itokayo Kasese ikapinda Kikorongo, ikakata Hifadhi ya Queen Elizabeth na kufika mpakani Mpondwe, hupitiwa na magari ya kila namna. Yapo malori ya saruji kutoka Hima, zipo Fuso zilizosheheni bidhaa za soko la mpakani, zipo teksi, na yapo pia magari ambayo kiwanda kilichoyazaa kisingeyatambua leo. Chesisi imetoka gari moja, injini imetoka jingine, bodi imechomelewa gereji au imejengwa kwa mbao, na nyaya zimeungwa na fundi aliyezikusanya popote alipozipata. Haya ndiyo tunayoyaita katika makala hii magari ya kuunda. Hatuyadharau hata kidogo. Katika nchi nyingine watu hununua gari likiwa vipande ndani ya masanduku, wakaliunga wenyewe nyumbani kwa burudani. Na hapa kwetu Uganda, chuo kikuu cha Makerere kiliunda gari la umeme la Kiira EV, lililoendeshwa hadharani mwaka 2011. Fundi anayeifufua Land Rover ya kale ikapanda milima ya Rwenzori anastahili heshima yake.

Neno letu linahusu waya mmoja katika magari hayo, na swichi inayoweza kuutawala.

Waya usio na fyuzi

Kila mwenye gari anaijua fyuzi. Waya wa taa ukipiga shoti, fyuzi hukatika na gari husalimika. Lakini upo waya mnene utokao kwenye ncha chanya ya betri kwenda kwenye stata, na katika magari mengi waya huo hauna fyuzi yoyote. Sababu yake inaeleweka. Stata huvuta mkondo wa mamia ya ampea wakati wa kuwasha, na fyuzi iwezayo kuuvumilia mkondo huo isingekatika kwa haraka pale inapotakiwa kukatika. Kwa hiyo watengenezaji wa kiwandani huulinda waya huo kwa njia nyingine: huupitisha mbali na kingo kali na mbali na bomba la ekzosi, huuvika gamba la pili, na huufunga kwa vibanio imara ili usichezecheze.

Gari la kuunda mara nyingi halina ulinzi huo. Waya umelazwa juu ya pembe ya chesisi, au umepenyezwa katika tundu la bati lisilovikwa pete ya mpira. Gari linatikisika, ganda la waya linalika polepole, na hakuna anayeona. Siku shaba itakapogusa chuma, nguvu yote ya betri itamiminika katika mguso ule mmoja. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto, plastiki huwaka, na pengine mpira wa petroli umepita kando yake. Kuzima ufunguo hakusaidii, kwa maana mkondo huo haupiti kwenye swichi ya ufunguo. Linalobaki ni kuitenga betri yenyewe, na mtu anayetafuta spana namba 10 huku moshi ukifuka chini ya boneti amekwisha kuchelewa. Wala zimamoto haiwezi kuwahi moto wa namna hii, hata ikiitwa mara moja. Katikati ya hifadhi, kati ya Kikorongo na Bwera, dereva na abiria wake ndio zimamoto.

Swichi kuu ya betri hufanya kazi ya spana kwa kugeuzwa mara moja tu. Ni kifaa kidogo chenye bolti mbili nene nyuma na ufunguo, mara nyingi mwekundu, mbele. Ikifungwa vema huokoa gari na watu. Ikifungwa vibaya humpa mwenye gari imani isiyo na msingi, na hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Kuificha au kuionyesha

Wengi wanaofunga swichi hii katika eneo letu hawaifungi kwa kuogopa moto. Wanawaogopa wezi. Gari hulala nje ya nyumba ya wageni mpakani, au husubiri karatasi za forodha kutwa nzima, na mwenyewe angependa kuwa na hakika kwamba halitawashwa na mtu mwingine. Basi huiweka swichi chini ya kiti, nyuma ya kisanduku cha spana, au ndani ya boneti mahali pasipofikirika.

Tunaielewa hofu hiyo, na katika kazi yetu tunakutana na sababu zake. Hata hivyo hatukubaliani na dawa hiyo. Swichi kuu ya betri ni kifaa cha kuokolea maisha kabla ya kuwa kufuli. Gari likipinduka na dereva akazirai, atakayeizima ni mpita njia: mwanafunzi, muuza ndizi, dereva wa pikipiki, au askari wetu aliye doria. Mtu huyo halijui gari hilo. Ana nafasi ya kutazama mara moja tu. Swichi iliyofichwa, kwake yeye, haipo.

Kwa hiyo tunashauri swichi mbili tofauti. Swichi kuu ya betri iwe wazi, yenye alama, isiyo na siri. Swichi ya kumzuia mwizi iwe nyingine, ndogo, iliyofichwa, na ikate waya mwembamba wa koili ya kuwashia au wa pampu ya petroli. Hiyo ya pili ni rahisi kuifunga kwa sababu mkondo wake ni mdogo, na mwizi akishindwa kuwasha hatajua shida iko wapi. Asiyeweza kugharimia zote mbili aanze na ile iliyo wazi, na usiku atoke na ufunguo wake mwekundu mfukoni. Swichi nyingi za namna hii hutoa ufunguo zikiwa zimezimwa. Barabarani, ufunguo huo ukae mahali pake daima.

Upande chanya au upande hasi

Hapa mafundi hubishana, na kila upande una haki yake kwa kiasi fulani.

Njia nyepesi ni kuikata athi, yaani waya unaounganisha ncha hasi ya betri na chesisi. Waya huo ni mfupi, na hata ukigusa bodi hakuna shoti, maana wenyewe umekwisha kuungana na bodi. Ukiuondoa kwenye ncha ya betri, ukaupeleka kwenye bolti moja ya swichi, kisha ukatoa waya mwingine kutoka bolti ya pili hadi chesisi, kazi imekwisha. Gari likiegeshwa na swichi kuzimwa, hakuna umeme uendao popote. Betri haiishi kwa kuvuja, mwizi hapati cheche, na waya uliolika hauna la kufanya. Kwa gari linalolala nje, hii yatosha.

Ila njia hii, na pia swichi nyepesi ya bolti mbili ikifungwa upande chanya, ina kasoro ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Injini ya petroli ikiwa inazunguka, kuikata betri hakuizimi. Altaneta inaendelea kutengeneza umeme na kuilisha koili, na injini inakwenda kana kwamba hakuna kilichotokea. Zaidi ya hayo, betri ndiyo inayoutuliza umeme wa altaneta. Ikiondolewa ghafla huku altaneta ikizalisha, volti hupanda kwa nukta chache hadi kiwango kinachoweza kuua dayodi za altaneta, redio, na kompyuta ya gari ikiwepo. Mtu amefunga swichi ya dharura ambayo, siku ya dharura, haizimi injini na inaunguza vifaa.

Dawa ya kasoro hiyo ilikwisha kupatikana katika mashindano ya magari. Kanuni za kimataifa za rali, zile zinazofuatwa hata katika Pearl of Africa Rally yetu, zinaitaka kila gari la mashindano liwe na swichi inayokata umeme wote na kuizima injini papo hapo, ambayo inaweza kuendeshwa kutoka ndani na kutoka nje. Swichi inayotumika kwa kawaida ina bolti mbili nene kama ile nyepesi, lakini nyuma yake pana jozi mbili za ncha ndogo. Jozi ya kwanza huwa imeungana wakati swichi imewashwa. Waya wa kuilisha koili hupitishwa hapo, hivyo swichi ikizimwa koili hufa na injini husimama. Jozi ya pili hufanya kinyume: huungana pale tu swichi inapozimwa, na kazi yake ni kuumwaga ardhini umeme wa altaneta kwa njia ya rezista yenye ukinzani wa omu 3, katika zile nukta chache injini inapomalizia kuzunguka. Rezista huuzwa pamoja na swichi hiyo. Ifungwe mahali pa chuma, mbali na plastiki na mipira, kwa kuwa hupata moto.

Katika mpango huo bolti nene hukaa upande chanya. Bolti moja inapokea waya kutoka betri; bolti ya pili inatoa kila kitu kingine, yaani stata, altaneta na kisanduku cha fyuzi. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na swichi ndicho pekee kitakachobaki na umeme daima, hivyo kiwe kifupi iwezekanavyo na kivikwe gamba la pili. Tunapendekeza mpango huu kwa gari lolote la petroli linalobeba abiria.

Waya, viungo na mpangilio wa kazi

Mtu asinunue swichi kwa kutazama rangi. Juu yake au katika kisanduku chake pameandikwa viwango viwili: ampea inazoweza kubeba mfululizo, na ampea inazoweza kubeba kwa sekunde chache wakati wa kuwasha. Kwa gari dogo la petroli la volti 12, swichi ya ampea 100 mfululizo na 500 za muda mfupi huvumilia. Injini ya dizeli ya lori hudai kubwa kuliko hiyo. Waya nao usiwe mwembamba kuliko ule wa awali. Ukirefushwa kufikia swichi, uongezwe unene. Milimita za mraba 25 hadi 35 hutosha magari madogo, na malori yanahitaji 50 au zaidi.

Viungo ndivyo vinavyoshinda au kushindwa. Chukua kiungo kibovu chenye ukinzani wa mia moja ya omu, ambao mkono hauwezi kuuhisi wala jicho kuuona. Stata ikivuta ampea 200, kiungo hicho peke yake hula volti 2. Kati ya volti 12, stata inabaki na 10, na volti zile 2 zimegeuka kuwa joto la wati 400 ndani ya kiungo. Gari linawaka kwa shida asubuhi, mwenyewe analaumu betri, ananunua mpya, na tatizo linaendelea. Viishio vya shaba vibanwe kwa kibanio chake cha kubania waya mnene. Kuvigonga kwa nyundo juu ya jiwe hakufai. Bati la chesisi likwanguliwe rangi mpaka chuma king'ae kabla ya athi kufungwa, kisha pakwe grisi juu ya bolti iliyokwisha kukazwa.

Gari lenye bodi ya mbao au faiba lina jambo lake la ziada: bodi hairudishi umeme. Kila taa na kila kifaa kinahitaji waya wake wa athi hadi sehemu moja ya chesisi. Fundi aliyezoea magari ya bati husahau hili, kisha hukimbilia kuzifunga athi hizo moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri. Akifanya hivyo katika gari ambalo swichi yake iko upande hasi, vifaa hivyo vimeikwepa swichi, na gari halijakatika.

Wakati wa kazi yenyewe, waya wa hasi utolewe kwanza kabla ya chanya, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Spana ikiteleza kutoka ncha chanya hadi bodi huku hasi ikiwa bado imefungwa, shoti hiyo huweza kuunguza mkono na kuipasua betri. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Kwa hiyo isifanyiwe kazi mara baada ya kutolewa kwenye chaja, wala karibu na sigara au mashine ya kuchomelea.

Dizeli na malori ya volti 24

Wenye Fuso na malori mengine wasikilize kwa makini, kwa kuwa kwao habari ni tofauti. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Injini za kale zenye pampu ya kawaida huendelea kuzunguka hata betri ikitupwa mtoni. Nyingine zina valvu ya umeme kwenye pampu, nayo ni ya aina mbili: ile inayohitaji umeme ili injini iende, na ile inayohitaji umeme ili injini izime. Ya kwanza itazima injini ukikata umeme. Ya pili itaacha injini ikienda, na tena umepoteza njia ya kuizima. Fundi aijue valvu ya gari lake kabla ya kufunga chochote. Panapo kebo ya mkono ya kuzimia injini, mpini wake uwekwe kando ya swichi kuu na utiwe alama ileile, ili anayekuja kuokoa avute kimoja na kugeuza kingine bila kutafuta.

Malori mengi yana betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo kupata volti 24. Swichi moja kwenye athi ya chesisi inatosha kuzikata zote. Lakini ipo tabia ya kuvuta redio ya volti 12 kutoka betri moja, katikati ya zile mbili. Katika lori la namna hiyo, swichi ya athi ikizimwa, umeme unaweza kupata njia ya kurudi kupitia vifaa vingine na kuingia kwenye redio kinyumenyume. Redio itaungua, na kibaya zaidi, lori ambalo dereva anaamini limekatwa litakuwa bado na umeme ndani ya chesisi. Pana kifaa maalumu cha kugeuza volti 24 kuwa 12. Redio ifungwe kwa hicho.

Mahali pa swichi na alama yake

Tumesema swichi ionekane. Sasa, ionekane wapi? Dereva aliyefunga mkanda aweze kuifikia kwa mkono. Mtu aliye nje naye aifikie bila kufungua boneti, kwa maana boneti iliyogongwa haifunguki. Katika magari ya rali kamba ya waya hutoka kwenye swichi hadi chini ya kioo cha mbele, hivyo swichi yenyewe hubaki karibu na betri na nyaya nene zikabaki fupi. Njia hiyo ni nzuri kwa gari la kuunda pia. Isiwekwe karibu na tangi la mafuta, wala chini ambako maji huingia gari linapovuka kijito. Na wakazi wa bonde la Nyamwamba hawahitaji kukumbushwa na sisi maji yanavyoweza kupanda.

Mpaka wetu unaleta swali jingine. Uganda tunaendesha upande wa kushoto, na Kongo wanaendesha upande wa kulia. Magari yenye usukani pande zote mbili huvuka Mpondwe kila siku. Mwokoaji hawezi kukisia dereva alikaa wapi. Kwa hiyo mahali panapofaa zaidi kwa mpini wa nje ni mbele ya kioo, katikati, pakiwa na alama inayoonekana kutoka pande zote mbili za barabara.

Alama hiyo isiwe maneno. Mwokoaji aweza kuwa msemaji wa Lhukonzo, wa Kiswahili, wa Kifaransa au wa Kiingereza, au akawa hajui kusoma. Alama inayotumiwa katika mashindano ya magari duniani ni radi nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, na kanuni zinataka kitako cha pembetatu kisipungue sentimita 12. Mchoraji yeyote wa mabango aweza kuipaka kwa muda mfupi. Chini ya mpini uchorwe mshale unaoonyesha upande wa kuzimia.

Kuijaribu

Kazi isiyojaribiwa haijakwisha. Gari likiwa limezimwa, zima swichi kuu, kisha jaribu taa, honi, redio na stata moja baada ya nyingine. Kimoja kikifanya kazi, kuna waya ulioikwepa swichi, na lazima utafutwe. Kifaa cha kufuatilia gari kikiwa kimefungwa makusudi kabla ya swichi, kiwe na fyuzi yake ndogo pale pale betrini. Baada ya hapo, kwa gari lenye swichi ya jozi ndogo na rezista, washa injini, washa taa kubwa, iache injini izunguke polepole, kisha zima swichi. Injini ifе papo hapo. Ikiendelea hata kwa sekunde chache, mpango wa waya umekosewa. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwa swichi nyepesi ya bolti mbili, kwa sababu tuliyoieleza ya altaneta.

Mwishowe washa gari mara tatu nne, kisha gusa bolti za swichi na viungo vyote. Vuguvugu si kitu. Kiungo kinachokuunguza kidole ni kibovu. Fundi mwenye mita ya umeme apime kati ya bolti mbili za swichi huku stata ikizunguka; akiona zaidi ya nusu volti, swichi au viungo vyake havifai.

Ajali ikitokea

Gari likigonga au kupinduka na hakuna harufu ya mafuta, zima ufunguo, zima swichi kuu, kisha wahudumie watu. Lakini mafuta yakiwa yamekwisha kumwagika karibu na swichi, usiiguse. Ndani ya swichi, mguso unapoachana, hutokea cheche, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya hiyo. Waondoe watu, simama upande upepo unakotokea, na piga 999 au 112.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini, na zaidi ya watu 230 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, walikufa zaidi ya 100 waliokuwa wamezunguka lori lililoanguka, wengi wakichota petroli. Na miongoni mwa maelezo yaliyosimuliwa siku zile ni ya mtu aliyekuwa akijaribu kuichomoa betri. Siku nane baadaye, tarehe 18 Agosti, moto wa lori la mafuta uliteketeza watu na maduka Kyambura, wilaya ya Rubirizi, katika barabara ile ile inayotoka kwetu Kasese kwenda Mbarara. Betri ya lori lililopinduka ina thamani katika soko la mitumba, tunajua. Anayeichomoa penye mafuta anashika kiberiti bila kukiona.

Karatasi na wakaguzi

Kufunga swichi hakubadili utambulisho wa gari. Kubadili injini au chesisi kunabadilisha, na namba mpya zinapaswa kuandikishwa; gari ambalo namba za injini hazilingani na kadi yake litachelewa mpakani hata kama nyaya zake ni safi kuliko za kiwandani. Anayepeleka gari la kuunda kukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi amweleze mapema kwamba lina swichi kuu, na pia lile kufuli la siri kama lipo, ili mkaguzi asihangaike na gari lisilowaka. Afisa wetu wa barabarani akiuliza ule ufunguo mwekundu ni wa nini, mwonyeshe jinsi ya kuuzima. Siku moja huenda akawa yeye anayefika kwanza.

Na gari likiuzwa, ng'ambo hii au ile, mnunuzi akabidhiwe funguo zote mbili za swichi na aonyeshwe mwenyewe mahali pa kila waya uliopita kando yake.